Prosesa Hubadilishwa, Kompyuta Haizikwi

Hukumu inayotolewa kwenye meza za mafundi wengi wa kompyuta siku hizi ni moja, na mara nyingi hutolewa hata kabla kifuniko cha mashine hakijafunguliwa: "Hii imezeeka mama, tafuta nyingine." Mwenye steshenari huambiwa hivyo. Mwalimu mkuu huambiwa hivyo kuhusu chumba kizima cha kompyuta za wanafunzi. Anayethubutu kuuliza kama haiwezekani kubadilisha prosesa peke yake hujibiwa kwa sauti ya huruma kwamba prosesa ya mashine kuukuu haibadilishwi, na hata ikibadilishwa ni pesa za kutupa. Maneno hayo yamerudiwa mpaka yamepata sura ya utaalamu. Mimi nasema ni nusu ya ukweli, na nusu inayoachwa inawagharimu watu wasio na pesa za kuchezea.

Tufungue sanduku moja. Dell OptiPlex 7010 ilitoka mwaka 2012. Ukipita maduka ya mtumba ya Kariakoo, au ya Luthuli kule Nairobi, utaikuta imepangwa na wenzake wa HP wa rika lile, Compaq Elite 8300 na Compaq Pro 6300. Ni mashine zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zikauzwa kwa jumla baada ya miaka michache, na nyingi zikapitia Dubai kabla ya kushushwa kwetu. Sasa basi, hiyo 7010 haikuwa mashine ya aina moja. Ndani ya sanduku lile lile, juu ya mazabodi ile ile, kiwanda kiliweka Pentium kwa mteja aliyetaka unafuu, Core i3 kwa karani, i5 kwa mhasibu, i7 kwa mtu wa michoro. Mwajiri alichagua kwa kupima mfuko wake na kazi ya mfanyakazi. Mazabodi yenyewe haikujali, kwa sababu soketi yake, LGA 1155, inazipokea zote.

Mama wa steshenari amenunua ile ya karani. Ndani yake mna i3-2120, prosesa ya koa mbili, yaani vitengo viwili vya kufanyia kazi. Ile i7-3770 ambayo ingeweza kuwa mle tangu siku ya kwanza ina koa nne zinazoendesha nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja. Kinachozitenganisha mashine hizo mbili ni kipande chenye upana wa milimita 37.5 kila upande, kinachobanwa na mkono mmoja mdogo wa chuma. Kusema mashine ya mama huyo imefika mwisho wa uwezo wake si kweli. Haijawahi kufika hata katikati.

Wanaotetea ile hukumu hukimbilia tarehe. Mashine ya 2012, wanasema, imepitwa, teknolojia inakimbia. Ilikuwa inakimbia, naam, na inafaa tuangalie ilikimbia lini. Machi 1994 Intel ilitoa Pentium ya megahezi 100. Machi 2000 ilitoa Pentium III ya gigahezi moja. Ni mara kumi ndani ya miaka sita! Wakati ule, mashine ya miaka sita ilikuwa mzee wa kweli, na aliyekushauri uitupe alikuwa amekushauri vyema. Lakini mwaka 2004 Intel hiyo hiyo iliufuta mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4, baada ya kushindwa na joto. Mbio za gigahezi zilikwama hapo, na watengenezaji wakageukia kuongeza koa. Nazo koa zikakwama kwa muda mrefu. Core i7-2600 ya Januari 2011 ina koa nne, nyuzi nane, gigahezi 3.4. Core i7-7700 ya Januari 2017 ina koa nne, nyuzi nane, gigahezi 3.6. Miaka sita imepita kati yao.

Sisemi hakukuwa na maendeleo. Kila kizazi kilifanya kazi kidogo zaidi katika kila mdundo wa saa yake, kilitumia umeme kwa uangalifu zaidi, na kilicheza video vizuri zaidi. Na tangu AMD ilipoleta Ryzen mwaka 2017 ushindani ulirudi, koa zikaongezeka haraka. Lakini kwa kazi za kuchapa, kudurufu, kujaza fomu za mtandaoni, kutuma barua pepe na kupiga hesabu za duka, tofauti hizo hazifanani hata kidogo na zile za miaka ya tisini. Anayeihukumu mashine ya 2012 kwa kasi ya 1994 anatumia sheria iliyokwisha kufutwa.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa mafundi wazuri, wale wanaofungua mashine kabla ya kusema. Wao husema: tatizo la kompyuta ya zamani karibu daima si prosesa, ni diski. Nawaheshimu, na kwa sehemu kubwa wako sahihi. Diski ya kuzunguka, hata ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, inabidi isogeze kichwa chake huku na huku kutafuta kila kipande cha faili. Ikitafuta vipande vilivyotawanyika, haifiki mbali zaidi ya mia na kitu kwa sekunde. SSD ya bei ya chini kabisa hufika makumi ya maelfu. Kwa hiyo kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, usiguse prosesa. Weka SSD kwanza. Kisha angalia RAM, na kama ni gigabaiti 4 ifikishe 8. Fundi anayeanza na prosesa kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka hajui kazi yake.

Ninapoachana nao ni pale wanapoishia hapo. SSD imewekwa, RAM imeongezwa, mashine inawaka haraka, kila mtu amefurahi. Halafu linafika dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kwenye steshenari kuna foleni. Kwenye skrini moja umefunguliwa mfumo wa mikopo, mfumo wa ajira na ukurasa wa kodi. WhatsApp inapokea vyeti vilivyopigwa picha na wateja, skana inageuza kurasa kuwa PDF, na programu ya kuzuia virusi inachunguza kila flashi inayochomekwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame. Diski imetulia. RAM bado ina nafasi. Prosesa imeganda kwenye asilimia 100, mstari umelala juu ya grafu na haushuki. Mwenye duka anabofya, herufi zinatokea moja moja, mteja anatazama saa. Hapo ukimwambia aongeze RAM nyingine unamuuzia asichohitaji, na ukimwambia anunue mashine nyingine unamuuzia anachokwisha kuwa nacho.

Sababu yake si fumbo. Vivinjari vya leo, Chrome kwa mfano, huipa karibu kila tovuti unayofungua mchakato wake wa pekee ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya programu moja sasa ni kazi ya programu ishirini ndogondogo zinazogombea koa. Koa mbili zina kikomo. Zikiwa nne, na nyuzi nane, foleni ile ile hupungua bila kubadilisha chochote kingine. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kabla ya hukumu: dakika mbili za kuitazama grafu ile wakati wa kazi halisi, si asubuhi duka likiwa tupu, zitakuambia kama unahitaji diski, RAM au prosesa. Wanaosema "daima ni diski" na wanaosema "nunua mpya" wana kosa moja. Wote wawili wamejibu kabla ya kutazama.

Tunaambiwa pia kwamba kubadilisha prosesa ni kazi ya hatari. Basi niieleze ilivyo. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua skrubu za bamba la kupoozea, lile lenye feni juu yake. Usilivute. Lizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka liachie, kwa sababu pesti ya kupitisha joto iliyowekwa zaidi ya miaka kumi iliyopita imekauka na kugeuka gundi ya kijivu. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, juu ya bamba na juu ya prosesa. Ukishafuta, maandishi yanatokea kwenye chuma: jina na namba ya prosesa, yaliyochorwa na kiwanda. Huhitaji kubahatisha ulichonacho.

Fungua mkono wa chuma. Ni wa springi, una nguvu, uushike. Inua fremu, kisha inua prosesa kwa kingo zake. Chini yake utaziona pini 1,155, nyembamba, zote zimeinama upande mmoja kwa mpangilio. Hapa ndipo hofu ina msingi, kwa sababu bisibisi ikidondoka humo, au kidole kikigusa, pini hujikunja na mazabodi imekufa. Kwa hiyo hugusi, na hufanyi kazi hiyo huku unaongea na simu. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja na mapengo mawili kwenye kingo. Soketi nayo ina alama hizo hizo. Iteremshe ikae kwa uzito wake yenyewe, bila kuikandamiza. Funga mkono wa chuma. Utasikia mlio wa kukwaruza unaowatisha wote wanaofanya kazi hii kwa mara ya kwanza, ni kawaida. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya mchele, rudisha bamba, kaza skrubu kidogokidogo kwa mkingamo ili libane sawasawa, chomeka waya wa feni. Mtu mwenye subira anamaliza ndani ya nusu saa.

Sasa nenda mtaani ukatazame vijana wetu wa simu. Wanabandua chipu iliyochomelewa kwa hewa ya moto, kwenye ubao mdogo kuliko kiganja, juani, watu wakipita, halafu wanabandika nyingine na simu inawaka. Nchi yenye mikono hiyo haiwezi kuambiwa kwamba prosesa isiyochomelewa, iliyotengenezewa soketi makusudi ili itoke na kurudi, ni jambo lisiloguswa.

Mitego ipo, na anayetetea hoja yangu bila kuitaja ni wa kuogopwa. OptiPlex 790 na 990 za mwaka 2011 zina soketi ile ile ya LGA 1155, lakini programu iliyomo kwenye mazabodi yake, yaani bayosi, haizitambui prosesa za kizazi cha tatu. Mwisho wake ni i7-2600. Compaq 8200 Elite ya HP iko hivyo hivyo. Aliyenunua i7-3770 akaiweka kwenye 790 alipata skrini nyeusi, na bila shaka ndiye aliyewatangazia wenzake kwamba prosesa haibadilishwi. LGA 1151 ni mtego mwingine. Soketi ya 2015 na ile ya mwishoni mwa 2017 zina idadi moja ya pini, ila Intel ilibadilisha matumizi ya baadhi ya pini hizo, kwa hiyo prosesa ya kizazi cha nane haifanyi kazi kwenye mazabodi ya kizazi cha sita. Bayosi nayo, kama inahitaji toleo jipya, husasishwa wakati prosesa ya zamani bado imo, maana ndiyo inayoweza kuwaka. Na kwenye masanduku membamba, kiwanda wakati mwingine kiliweka bamba dogo la kupoozea kwa prosesa ndogo, hivyo huna budi kuhakikisha la kwako linaweza joto la ile mpya. Nafasi ikibana sana, ipo i7-3770S ya wati 65 badala ya 77.

Yote haya yameandikwa. Watengenezaji wa mashine hizi walitoa miongozo ya mafundi inayotaja prosesa zilizouzwa ndani ya kila sanduku. Kwa hiyo hata swali la pawa saplai, ambalo watu hulipenda kama kitisho, limeshajibiwa: kama kiwanda kiliuza sanduku lako likiwa na i7 kwa pawa saplai hiyo hiyo, hakuna cha kubahatisha. Mitego hii haithibitishi kwamba kazi haiwezekani. Inathibitisha kwamba ina kusoma ndani yake, na fundi asiyesoma amegeuza uvivu wake kuwa kanuni ya kitaalamu.

Wala sitetei kila sanduku. Mashine za Core 2 Duo, za soketi LGA 775, zimefika mwisho. Hata ukiziwekea prosesa bora kuliko zote za soketi yake, Windows 11 ya toleo la 24H2 haiwaki kabisa humo, kwa sababu prosesa hizo zimekosa amri ambazo toleo hilo linazihitaji. Mashine yenye kapasita zilizovimba usiitilie pesa. Iliyokwisha kuwa na i7 ya soketi yake haina pa kupanda. Na kompyuta nyingi zilizounganishwa na skrini kuwa kitu kimoja zimechomelewa prosesa kwenye mazabodi, hazina la kubadilisha.

Nimeitaja Windows, na hapo ndipo wapinzani wangu hujiona wameshinda. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kipengele cha usalama cha TPM 2.0, na orodha ya prosesa za Intel inazozikubali inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. "Kwa nini umwekee mtu i7-3770," huuliza, "wakati Microsoft imeifungia mlango?"

Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba orodha ile haipimi nguvu. Celeron N4020, prosesa ya koa mbili iliyotengenezwa kwa laptop za bei ya chini kabisa, imo kwenye orodha. Core i7-7700 haimo. Hakuna kazi ya ofisi ambayo N4020 inaiweza na i7-7700 ikaishindwa. Kinachotafutwa na orodha ni masharti ya usalama na sera ya kampuni, mambo yenye uzito wake, lakini hayasemi kwamba mashine yako imechoka. Tarehe 15 Oktoba 2025 mashine hiyo ilikuwa na nguvu zile zile za tarehe 13. Kuendelea na Windows 10 isiyosasishwa kwenye mashine inayopokea flashi za watu mchana kutwa ni hatari ya kweli, na simshauri yeyote. Ila steshenari ambayo kazi zake nyingi hufanyikia ndani ya kivinjari inaweza kuhamia Linux Mint na LibreOffice bila kulipa kitu. Iwashwe kwanza kutoka kwenye flashi, printa na skana zijaribiwe, kisha ndipo isakinishwe. Anayefungwa na programu ya hesabu inayotaka Windows pekee, kwake hoja yangu inadhoofika, nami nakiri hivyo.

Jibu la pili wapinzani hawalitaji kamwe: upande wa AMD, kubadilisha prosesa ndiko kunakofungua mlango huo. Soketi ya AM4 ilianza 2016. Mwenye mashine ya Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 yuko nje ya orodha ya Windows 11. Mwaka 2022 AMD iliruhusu prosesa za Ryzen 5000 zitumike hata kwenye mazabodi za mwanzo kabisa za AM4, mradi mtengenezaji wa mazabodi ametoa bayosi mpya. Mtu huyo akisasisha bayosi, akatoa 1600 na kuweka Ryzen 5 5600, mashine yake inaingia kwenye orodha, ikiwa na sanduku lile lile, RAM ile ile, diski ile ile na pawa saplai ile ile. Aliyemwambia "nunua mpya" alimtaka alipie vitu vinne alivyokuwa navyo tayari.

Umeme nao huletwa kama hoja ya mwisho. Tupige hesabu. Ile i3-2120 imeandikiwa wati 65, i7-3770 wati 77. Tofauti ni wati 12. Ukiziendesha zote mbili kwa nguvu zote saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jambo ambalo halitokei, tofauti ni uniti mbili na nusu hivi kwa mwezi mzima. Printa ya leza iliyo pembeni, inapopasha moto karatasi, huvuta mamia ya wati, na sijasikia mtu akishauriwa kuitupa. Panapotumika sola, kijijini, laptop inashinda bila ubishi; huko ndiko kila wati inakohesabiwa. Mjini penye umeme wa LUKU, hoja ya umeme haina nguvu inayopewa.

Na tukitazame kinachonunuliwa pale mtu anapotii hukumu. Mara nyingi si kompyuta ya mezani mpya yenye prosesa ya kisasa, kwa sababu hiyo bei yake haifikiki. Hununua laptop mpya ya bei nafuu yenye ile ile N4020 ya koa mbili, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya gigabaiti 64 iliyochomelewa vilevile. Kwenye kazi inayotumia koa zote, i5-3470 ya mwaka 2012, ambayo ni prosesa ya katikati tu ya soketi yake, inaiacha N4020 kwa zaidi ya mara mbili. Mwenye duka ametoa akiba yake, amepata kitu kinachong'aa, chepesi, cha polepole, na hifadhi ikijaa au kipande kimoja kikifa hakuna cha kubadilisha. Hili linaniudhi kuliko yote. Mtu alikuwa na mashine inayotengenezeka, akashauriwa na mtu aliyemwamini aibadilishe kwa isiyotengenezeka, na bado akaambiwa amepiga hatua.

Ile ya zamani huenda wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu ya zilizobaki huishia kwa vijana wanaochoma nyaya wapate shaba. Na kutengeneza nyingine badala yake si jambo jepesi kwa ardhi: watafiti waliochunguza chipu moja ya kumbukumbu yenye uzito wa gramu 2, mwaka 2002, walikadiria kwamba kuitengeneza na kuitumia kulihitaji kilo 1.6 za mafuta ya kisukuku na lita 32 za maji. Mazabodi nayo imeunganishwa kwa bati, na sehemu ya bati ya dunia hii inatoka Bisie, Walikale, Kivu Kaskazini, kwa watu wanaozungumza lugha hii hii ninayoiandika. Walichochimba kimeshachimbwa. Mazabodi nzima na hai isizikwe kwa sababu juu yake ilikaa prosesa ndogo.

Prosesa zenyewe zinapatikana. Mashine ambayo pawa saplai yake imeungua kwa umeme uliopanda, au mazabodi yake imekufa kwa maji, mara nyingi prosesa yake ni nzima, maana prosesa ni miongoni mwa vipande vinavyokufa mara chache sana ndani ya kompyuta. Ndiyo maana zilizotumika huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine. Shule yenye kompyuta mbovu zilizorundikwa stoo huenda ina i5 kadhaa zimelala mle, ilhali chumba cha wanafunzi kinaendeshwa na Pentium. Ofisi za umma huandika kwenye hati za kuondosha vifaa neno "chakavu" na kumaliza. Hakuna safu ya kuandika ndani mlikuwa na prosesa gani, ya soketi gani, na ingeweza kupanda mpaka wapi. Faida ya kuuza mashine nzima ni kubwa kuliko ujira wa kubadilisha kipande, kwa hiyo sokoni hakuna atakayeiongeza safu hiyo kwa hiari. Itabidi wenye mashine waidai.

Waidai hivi. Kabla ya kutia saini kununua nyingine, fundi alete karatasi moja: jina la mazabodi au modeli ya sanduku, prosesa iliyomo na soketi yake, prosesa kubwa kuliko zote ambayo mwongozo wa mashine hiyo unaikubali, na bei yake ikiwa imetumika, na picha ya ile grafu, iliyopigwa saa ya kazi, inayoonyesha ni diski, RAM au prosesa iliyolemewa. Akishindwa kuijaza, bado hajaichunguza mashine hiyo, na ushauri wake wa kuitupa usilipiwe.